Mashine Inayotaka Mikono Miwili

Uani, nyuma ya duka la mikate
6 Februari

Shemeji yangu Bi Spana,

Hujambo? Mimi ninakula, ninalala na ninagombana na watu, kwa hiyo afya ipo. Paa bado linavuja palepale ulipopaona ulipokuja kumzika kaka yangu, mumeo, na ndoo ni ileile.

Habari za familia ni binti yangu tu. Kila jioni anapiga simu kuniuliza nimekula nini. Nikimwambia maharage, anasema yananijaza gesi. Nikimwambia sijala, anasema ndiyo maana. Sasa amenijengea chumba nyuma ya nyumba yake, kina vigae sakafuni na televisheni ukutani, na mwisho wa Mei anakuja na gari la mumewe kunichukua. Hilo ndilo neno lake, "kunichukua", kama mtungi unaokwenda kujazwa. Nimemwambia nina kazi. Akasema, baba, ukibaki na kazi nitakuacha, ukikosa kazi unapanda gari. Nikakubali, maana nilikuwa na kazi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako anaishika mwanao kuliko wewe, na yangu binti anaipekua kila akija. Dereva wa lori la unga amekubali kuwa posta yetu. Ukichelewa kupata barua, mlaumu yeye na yule mwanamke wake wa njiani.

Haya, tuje kwenye jambo. Unajua tanuri la huyu mwoka mikate linavyokula kuni. Gogo zima halilitaki, linataka vipande vya unene wa mkono, vikavu, kila alfajiri. Miaka yote nimempasulia mimi kwa shoka. Sasa shoka limekuwa zembe, sijui ni mpini, sijui ni hali ya hewa. Mara mbili kuni zimechelewa na mikate ikatoka imechubuka kama magoti ya mtoto. Mwoka mikate ni mtu mpole, kwa hiyo hakunifokea, alinionyesha tu picha ya tanuri la gesi kwenye simu yake. Akasema kuni zikiwa na uhakika kabla ya Juni, picha anaifuta.

Basi nimepata mashine. Ni ya kupasulia magogo, ya mafuta ya haidroliki, imetumika. Muuzaji ana gereji karibu na kituo cha mabasi, mtu muungwana sana, anasalimia kwa mkono wa kushoto na wa kulia hautoi mfukoni, nadhani ndimo anamoweka hela. Mashine haina jina. Mahali pa kibati cha jina kuna matundu manne ya skrubu. Nilipomuuliza ni ya kampuni gani akasema, "Mzee, ni orijino." Imepakwa rangi ya bluu hadi kwenye mipira ya kupitisha mafuta. Ina injini, ina silinda, ina kabari ya chuma ya kutisha, na ina hendeli mbili. Moja ya kazi. Ya pili, amesema, ni ya kuibebea.

Wewe uliyekaa stoo ya kiwanda cha mbao hadi ukaota ndoto za nati, niambie ni mashine gani hii na kama nimetapeliwa. Bado sijainunua. Mimi si mtu wa haraka.

Shemeji yako,
Bwana Shoka

*

Nyumbani kwa mwanangu
25 Februari

Shemeji,

Sijambo. Barua yako imefika ikinuka unga na manukato, kwa hiyo habari za dereva nimezisoma kabla sijafungua bahasha.

Hapa wote wazima. Mkwe wangu ananiletea chai kabla sijaitaka. Mjukuu wangu mkubwa ananiita "bibi tulia". Mimi pia nina vigae na televisheni, tena yangu inaongea nikiwa nimelala. Juzi bawaba ya mlango ililia, nikaomba bisibisi. Wakaniambia fundi ataitwa. Fundi amekuja, ameitazama, amesema atarudi. Mlango bado unalia na mimi nimekaa.

Usinunue kitu chochote hadi unijibu haya:

Mashine inafanya kazi ikiwa imesimama au imelala? Kinachosogea ni kabari, au ni gogo linalosukumwa kwenye kabari? Kwangua rangi ya bluu mahali palipofichika uone chini yake kuna rangi gani, maana mtu hapaki mipira rangi isipokuwa anaficha nyufa. Fungua kifuniko cha mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji, mwachie muungwana mashine yake. Kwenye pampu lazima kuna namba imechomoza kwenye chuma chenyewe, hiyo hata mwizi haiondoi. Weka karatasi juu yake, sugua kwa penseli, niletee. Na mwambie aiwashe mbele yako ikiwa baridi kabisa. Ukiikuta ina joto ulipofika, ujue ameishughulikia asubuhi yote ili ikubali kukudanganya.

Mwisho, swali la bure. Umepasua kuni tangu kabla sijaolewa. Mipini umevunja mingi, sijawahi kukusikia unalilia mashine. Bega lako vipi?

Shemeji yako

*

Uani
3 Machi

Bi Spana,

Hujambo? Sisi wazima, paa linavuja, binti anapiga simu.

Nimeinunua. Nilisubiri barua yako hadi nikaona aibu kusubiri. Muungwana aliniambia kuna mtu mwingine anaitaka, akanionyesha hata huyo mtu, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akila hindi, ana sura ya kutaka mashine kweli.

Imeletwa kwa lori ikiwa imelazwa chali, na tumeishusha vilevile ilivyokuja, chali, chini ya bati. Ni ndefu kunizidi. Hendeli zake mbili zimetanuka huku na huku kama mtu anayetaka kukumbatiwa. Nikaiwasha. Ikaunguruma vizuri, kuku wa jirani wakahama. Halafu ikatapika. Mafuta yalitoka kwenye kifuniko kama kisima, yakaenda hadi mlangoni kwa mwoka mikate. Wateja waliruka wakiwa na mikate kichwani. Yeye akatoka, akatazama, akarudi ndani. Huo upole wake unaanza kuniudhi.

Nilikuwa nimefika hapo ndipo dereva akaleta barua yako. Haya, majibu yako, mwalimu. Inafanya kazi imelala, si nimekwambia ilikuja imelala. Kinachosogea ni kabari, ilisogea kidogo kabla ya kutapika. Chini ya bluu kuna nyekundu, chini ya nyekundu kuna kijani, sikuendelea maana ningeimaliza mashine. Mafuta si meupe, ni meusi kama kahawa, tena sasa yapo ardhini ukitaka kuyaona. Namba ya pampu nimeisugua, karatasi imo humu, usidhani ni risiti ya dukani. Iliwashwa ikiwa na joto.

Kuhusu bega. Bega la nani? La ng'ombe, la mbuzi, la barabara? Uliza swali linaloeleweka.

Na wewe utakuja lini kututembelea?

Bwana Shoka

*

Nyumbani kwa mwanangu
28 Machi

Shemeji,

Wazima. Mlango unalia.

Nimecheka hadi mkwe wangu akaniletea dawa ya presha. Mtu mzima anaishusha mashine imelala chali anadhani ndivyo ilivyozaliwa. Ukiletewa kitanda kimeegeshwa ukutani utalala umesimama?

Sasa sikiliza, nimeipata. Namba uliyosugua ni ya pampu ya lori la kumwaga mchanga, tulikuwa nazo stoo rafu ya chini kabisa, na yeyote aliyeifunga hapo aliiba pampu yake ya asili akaiuza kwingine. Haidhuru, pampu hiyo ina nguvu kuliko uhitaji wako. Lakini mwili ni wa kiwandani. Kabari inayoshuka kutoka juu, silinda nyuma ya kabari, hendeli mbili za kutanuka: hiyo ni mashine ya kupasulia magogo ya kusimama. Kiwandani tulikuwa na mbili upande wa kuni za boila la mvuke, za kijani, kama hiyo yako ilivyo chini ya nguo zake. Kampuni zilizozitengeneza ni nyingi na zote zinaigana, kwa hiyo jina lisikusumbue. Umbo ndilo jina.

Isimamishe. Ifungie kwenye bamba la chuma au zege isije ikakuangukia. Jaza mafuta mapya ya haidroliki, si ya injini, si ya kupikia, nakujua. Mipira ibadilishe yote miwili. Gogo unaliviringisha hadi kwenye kisahani chake cha chini, unalisimamisha, basi. Halinyanyuliwi.

Na hendeli ya pili si ya kubebea. Nani anabeba kitu kile, tembo? Hendeli zote mbili zinabonyezwa kwa pamoja, kushoto na kulia. Ukibonyeza moja tu, kabari haishuki. Ukiachia yoyote, inasimama. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili wakati kabari inashuka mikono yako yote miwili iwe mbali, imeshikilia chuma. Mjinga hapati mkono wa tatu wa kuingiza chini.

Ukiweza hivyo una kazi, binti yako anarudi na gari tupu. Niandikie umeipasua ya kwanza.

Shemeji yako

*

Uani
8 Aprili

Bi Spana, daktari wa mashine,

Hujambo? Imesimama. Watu sita na kamba, na mwoka mikate akasaidia, mikono yote unga. Cheche, yule mchomeleaji wa mtaa wa pili, ameifungia kwenye bamba. Mafuta mapya, mipira mipya. Imesimama uani kama askari aliyesahauliwa zamu.

Na inapasua, shemeji. Gogo lenye fundo, lile ambalo shoka langu lilikuwa linaliomba msamaha, imelipasua kama mkate. Mwoka mikate alisimama mlangoni akaitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ni hotuba.

Ila nimeirahisisha kidogo. Kuhangaika na hendeli mbili ni mambo ya viwandani, ya watu wanaolipwa kwa saa. Ya kulia nimeifunga chini kwa waya. Sasa naendesha kwa kushoto peke yake na mkono mwingine unapumzika, na mambo yanakwenda. Jirani amesema nina akili ya uhandisi. Nikamwambia sikusoma, ningesoma ningekuwa hatari.

Hukunijibu utakuja lini.

Bwana Shoka

*

Nyumbani kwa mwanangu
19 Aprili

Shemeji,

Sikusalimii.

Fungua huo waya. Weka barua chini, nenda ukaufungue, kisha rudi uendelee kusoma.

Umerudi? Sasa nenda kwa muungwana wako wa gereji. Usimtukane, mwamkie vizuri, halafu mwombe atoe mkono wa kulia mfukoni. Uniandikie ana vidole vingapi. Nilipokuwa stoo nilimpa mtu waya wa kufungia kitu bila kumuuliza anafungia nini, na kesho yake nilimpa mwenzake dumu la maji aoshee mashine. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye lile swali la bega la ng'ombe. Mtu mwenye mikono miwili mizima haoni taabu kubonyeza hendeli mbili. Wewe umetafuta waya siku ya kwanza, na waya umefunga kulia. Shoka lako halijawa zembe. Mkono wa kulia haupandi. Haupandi tangu lini, shemeji? Mwoka mikate anajua? Binti anajua? Usinijibu kama hutaki, nimeshajijibu.

Kuna njia. Hendeli ile ya kulia inaweza kuchomelewa kipande cha chuma, kikakunjwa kushuka chini, mshikio ukaja pale mkono wako unapofika bila kuupandisha. Utakuwa unaibonyeza kwa uzito wa mwili, bega halina kazi. Bado mikono miwili, bado mbali na kabari. Kaka yako aliwahi kumfanyia hivyo mzee mmoja pale kiwandani aliyeanguka na mti, akafanya kazi hadi kustaafu kwake. Nimechora nyuma ya karatasi hii.

Unachotakiwa ni kimoja. Simama wima mbele ya mashine, pandisha mkono hadi unapogoma, mtu apime kutoka ardhini hadi kwenye kiganja. Kipimo hicho umpe Cheche. Kiwe cha kweli. Chuma kikishachomelewa hakijui kuona haya kwa niaba yako.

Shemeji yako

*

Uani
6 Mei

Shemeji,

Salamu unazipata hata kama hunipi.

Waya nimefungua. Kwa muungwana nilikwenda. Alidhani nimekuja kudai, akaniwekea kiti. Nikamwambia, "Bwana, nataka nikuage vizuri, nipe mkono wa kulia." Akanitazama sana. Halafu akautoa. Viwili, shemeji. Dole gumba na kidole cha mwisho, kama kikombe kilichobaki sikio. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Mzee, ningekuambia ungenunua?" Tukanywa chai. Nilimwambia asimuuzie mtu mwingine kitu na uongo wa hendeli ya kubebea, akaahidi, na mimi ahadi zake naziamini upesi, unanijua.

Haya, mkono wangu unachoka kidogo. Umefurahi?

Kipimo nilipima, nikampa Cheche, akachomelea kama ulivyochora. Kazi safi, imepakwa na rangi. Lakini haifanyi kazi. Mshikio umekaa juu mno, karibu na kifua. Nikiufikia, nafika kwa kuchuchumia na kujipinda kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, na gogo likifika katikati mshikio unaniponyoka, kabari inarudi juu, gogo linanicheka. Siku nzima nimepasua mzigo wa mtoto. Nimemwambia Cheche amekosea. Cheche akasema alichomelea pale nilipomwambia. Vijana wa siku hizi hawakubali makosa.

Watu wa gesi wamekuja kupima ukuta wa tanuri. Wana kanzu fupi za kazi za rangi ya machungwa na kalamu masikioni. Mwoka mikate amenipitia, akasema, "Mzee wangu, mimi nasubiri hadi mwisho wa mwezi kama nilivyosema." Kisha akanipa mkate wa bure. Nimekula huo mkate kama mtu anayekula shada la maua.

Binti anakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Amesema nifungashe vichache, kitanda changu kitaingia nyuma ya gari.

Mchoro wako una kasoro. Niambie ni wapi.

Bwana Shoka

*

Nyumbani kwa mwanangu
14 Mei

Shemeji,

Mchoro hauna kasoro.

Ulipima mkono gani?

Shemeji yako

*

Uani
4 Juni

Shemeji yangu,

Hujambo wewe, hawajambo wanao na wajukuu, haujambo na huo mlango unaolia.

Barua yako ya maneno sita ilifika Ijumaa. Nimeisoma pale kwenye lori, dereva akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa mtu mmoja anayejiona mjanja.

Nilipima wa kushoto. Ulijua. Nilisimama uani peke yangu, futi ya chuma nimeikanyaga kwa kiatu, nikainua wa kulia, nikaona ulipoishia, nikasema huu leo umeamka vibaya, ngoja nipime mwenzake, ni mapacha hawa. Ndicho kipimo nilichompa Cheche. Tena niliupandisha hadi kifuani tu, nikajiona mnyenyekevu.

Jumamosi binti akafika. Aliposhuka alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, tayari kwa kubeba kitanda. Akaniambia, "Baba, mbona hujafungasha?" Nikamwambia nafungasha, lakini kabla ya hapo nishikie futi. Akasema futi ya nini tena. Nikamwambia, "Shika tu, mama, ni kitu cha dakika moja, kisha gari ni lako."

Nikasimama wima kama ulivyosema. Nikaupandisha mkono wa kulia.

Ulipogomea, nikauacha hapohapo. Sikuusaidia kwa bega, sikuupinda mgongo, wala sikusingizia shati kubana. Yeye amechuchumaa pale chini na futi, akanyanyua uso, akaona kiganja kiko wapi. Akangoja. Alidhani bado napandisha. Nikamwambia, "Hapohapo." Akasema, "Hapa? Kwenye mkanda?" Nikamwambia chini ya mkanda kidogo, usimpunje baba yako wala usimzidishie.

Akaisoma namba kwa sauti ndogo. Halafu akaisoma tena. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mvua za mwaka juzi. Akasema, "Na kila jioni nakupigia." Nikamwambia, "Kila jioni unaniuliza nimekula nini."

Nilitegemea aseme panda gari. Angekuwa na haki, mkataba ni wake na mimi nilikuwa nimeuvunja kwa waya na kwa futi. Mdomo nilikuwa nimeshauandaa kukubali. Akakunja futi, akaniuliza huyo Cheche anakaa nyumba gani. Akaenda mwenyewe. Nikiwa nimekaa kwenye gogo nikamsikia huko mtaa wa pili anambishia kijana wa watu kuhusu unene wa chuma, kama alizaliwa stoo na wewe.

Cheche alikata, akashusha, akachomelea. Sasa mshikio uko nyongani. Nikisimama kazini, mkono wa kushoto uko juu na wa kulia umening'inia chini, nausukuma kwa mwili. Binti alinitazama akasema, "Baba, unaonekana kama mtu anayesubiri basi." Nikamwambia subiri uone basi linavyokuja. Nikabonyeza zote mbili. Kabari ikashuka, haikusita, haikurudi. Gogo likafunguka vipande viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na mikono yangu yote ilikuwa pale ilipotakiwa kuwa.

Alisimama pale hadi jioni. Mwanzoni alikuwa anahesabu makosa yangu, naona midomo inavyotembea. Baadaye akaanza kuniviringishia magogo, na gauni lake lile la safari. Mwoka mikate akatoka akaliangalia fungu la kuni, akatoa simu mfukoni, akaifuta ile picha mbele yetu. Alinionyesha kioo nihakikishe. Mimi sioni vizuri kwenye vioo vile, lakini nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili asubuhi binti akaniambia chumba kipo, vigae vipo, siku mkono wa kushoto ukianza ujanja wa mwenzake wa kulia nimwambie yeye kwanza, si shemeji. Nimekubali. Nimekubali kweli, usinicheke. Ile sehemu ya nyuma ya gari, iliyokuwa ya kitanda changu, ameijaza kuni zilizopasuliwa hadi bodi ikainama. Kwake wanapikia umeme, na jiko la pili ni la gesi. Sikumuuliza za nini.

Bwana Shoka